Kloridi ya Sodiamu au Sodiamu Kloridi? Uhakiki wa Sarufi ya Majina ya Kampaundi katika Kiswahili cha Kemia

Ikisiri

Mjadala kuhusu istilahi za kemia katika Kiswahili umejikita zaidi katika chanzo cha maneno: yakopwe au yaundwe, yatoholewe kwa kufuata sikio au maandishi. Makala haya yanahakiki mkabala huo. Hoja kuu ni kwamba jina la kampaundi si neno pweke. Ni kirai chenye kiini, kijalizo, viambishi na upatanisho, na kirai hicho kinawakilisha fomula. Kwa sababu hiyo, istilahi moja moja inaweza kukidhi kila kigezo cha usanifishaji na bado mfumo mzima ukashindwa kumwongoza msomaji kutoka kwenye jina hadi kwenye fomula. Makala yanachunguza mpangilio wa maneno, idadi na upatanisho, viishio, majina ya mazoea, na uhusiano wa jina na alama ya elementi. Yanahitimisha kwamba muundo wenye kihusishi cha a-unganifu, yaani kloridi ya sodiamu, ndio unaoafiki sarufi ya Kiswahili na pia mantiki ya kemia.

1.0 Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, usanifishaji wa istilahi za taaluma umekuwa na chombo chake rasmi nchini Tanzania. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kazi ambayo hadi leo haiwezi kurukwa na yeyote anayeandika kuhusu Kiswahili cha sayansi. Shule za msingi za umma zimefundisha sayansi kwa Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 nayo ilifungua mlango wa Kiswahili katika ngazi za juu, ingawa kemia ya sekondari imeendelea kufundishwa kwa Kiingereza.

Katika kipindi hicho, uhakiki wa istilahi umekuwa na zana zake. Inayofahamika zaidi ni vigezo vya PEGITOSCA alivyopendekeza Kiingi, ambavyo miongoni mwake ni usahihi, iktisadi, uzalishi, umataifa na uwazi. Vigezo hivi vimesaidia kuyaondoa maamuzi ya istilahi katika ubishi wa ladha. Hata hivyo, namna vinavyotumiwa kwa kawaida ina kasoro moja: hupimwa neno moja baada ya jingine. Mhakiki huuliza kama oksidi ni bora kuliko oksaidi, au kama asidi ni bora kuliko tindikali, kisha hutoa hukumu. Kamusi, kwa umbo lake la vidahizo, huimarisha mazoea hayo, kwa kuwa kidahizo husimama peke yake katika ukurasa.

Majina ya kampaundi hayasimami peke yake. Jina moja linapaswa kumwambia msomaji elementi zilizomo, mpangilio wake na, pale inapobidi, idadi yake. Swali la msingi basi si neno gani liteuliwe, bali kirai kijengweje. Swali hilo halijapewa uzito unaostahili, na matokeo yake yanaonekana katika maandishi ambamo kaboni dioksidi, kabonidioksaidi, dioksidi ya kaboni na hewa ukaa hukutana, pengine ndani ya kitabu kimoja.

2.0 Jina kama uchanganuzi: funzo la mwaka 1787

Kabla ya kuihakiki hali ya Kiswahili, ni vyema kukumbuka kwamba utaratibu wa kutaja kampaundi kwa elementi zake ulibuniwa na watu katika mazingira mahususi ya lugha. Mwaka 1787 wanakemia wanne wa Ufaransa, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walitoa pendekezo la kuacha majina ya kale, yaliyotokana na rangi, mahali au mgunduzi, na badala yake kutumia majina yanayoonesha muundo. Katika kitabu chake cha mwaka 1789 Lavoisier alikiri deni lake kwa mwanafalsafa Condillac, aliyeiona lugha kuwa chombo cha uchanganuzi.

Mambo mawili katika historia hiyo yanaihusu Kiswahili moja kwa moja. Kwanza, mfumo ule ulijengwa kwa sarufi ya Kifaransa, lugha ambayo, kama Kiswahili, hutanguliza kiini na kufuatisha kijalizo kwa kihusishi. Mpangilio wa Kiingereza, unaoanza na metali na kumalizia na kiini, ni urekebishaji uliofanywa ili kuafiki sarufi ya Kiingereza. Anayeutetea mpangilio huo katika Kiswahili kwa hoja kwamba ndio wa kisayansi anachukua kanuni ya lugha moja na kuiita kanuni ya kemia.

Pili, historia hiyo inatoa tahadhari kuhusu kigezo cha uwazi. Lavoisier aliiita oksijeni kwa mzizi wa Kigiriki wenye maana ya kizalisha asidi, akiamini kwamba kila asidi lazima iwe nayo. Mwaka 1810 Humphry Davy alionesha kwamba klorini ni elementi, na kwamba asidi inayotokana nayo pamoja na hidrojeni haina oksijeni. Imani ilianguka lakini jina likabaki. Wajerumani, waliolitafsiri jina hilo kwa mizizi ya lugha yao, hadi leo huiita elementi hiyo kitu cha uchachu. Mkopo usioeleweka umemficha mtumiaji kosa la Lavoisier, ilhali tafsiri iliyo wazi imelihifadhi mbele ya macho ya kila mwanafunzi. Uwazi ni sifa njema pale tu nadharia iliyo nyuma yake inapodumu.

3.0 Mpangilio wa maneno na suala la kiini

Miundo miwili hushindana katika Kiswahili. Wa kwanza huambatanisha nomino mbili bila kiunganishi: sodiamu kloridi, kalsiamu kabonati, chuma salfati. Wa pili hutumia a-unganifu: kloridi ya sodiamu, kabonati ya kalsiamu, salfati ya chuma. Wanaoupendelea wa kwanza hutoa hoja ya kifundishaji: fomula NaCl huanza na Na, hivyo jina nalo lianze na sodiamu.

Hoja hiyo ina mvuto, lakini inasahau namna Kiswahili kinavyofasiri nomino mbili zilizowekwa sambamba. Askari kanzu ni askari, bata mzinga ni bata, gari moshi ni gari. Katika miundo ya aina hii nomino ya kwanza ndiyo kiini, na ya pili huipambanua. Kwa kanuni hiyo hiyo, msomaji wa Kiswahili anapokutana na sodiamu kloridi ana haki ya kuelewa kwamba ni aina ya sodiamu. Sodiamu ni metali laini inayolipuka kwa urahisi ikikutana na maji. Kloridi ya sodiamu ni chumvi inayotiwa kwenye mboga. Kwamba kampaundi haina sifa za elementi zilizoiunda ni miongoni mwa mambo ya awali ambayo mwanafunzi wa kemia hana budi kuyaelewa. Muundo wa jina unapolipinga somo hilo, mwalimu hulazimika kufundisha dhidi ya lugha yake mwenyewe.

Tatizo hujitokeza zaidi pale kirai kinapoingia katika sentensi. Chuma ni nomino ya ngeli ya KI-VI. Je, mwandishi aseme chuma kloridi kimeyeyuka, au chuma kloridi imeyeyuka? Upatanisho wa kwanza unasema kwamba chuma ndicho kilichoyeyuka. Wa pili unavunja upatanisho na nomino inayotangulia, na unamtaka msomaji atafute kiini mwishoni mwa kirai, mahali ambapo Kiswahili hakikiweki. Kwa upande mwingine, kloridi ya chuma imeyeyuka majini ni sentensi isiyo na utata. Majina ya metali yaliyozoeleka tangu zamani, yaani shaba, fedha, dhahabu, risasi, bati na zebaki, huingia katika muundo huu bila kuhitaji kubadilishwa: salfati ya shaba, nitrati ya fedha, oksidi ya risasi.

Ama kuhusu kutolingana kwa jina na fomula, ushahidi wa lugha nyingine unatosha. Wanaosoma kemia kwa Kifaransa, Kihispania, Kireno na Kiarabu hutaja kloridi kwanza na sodiamu baadaye, kisha huandika NaCl kama wengine wote. Miongoni mwao wamo wasemaji wa Kiswahili wa Kongo, ambao shuleni hukutana na mpangilio wa Kifaransa. Kinachohitajika ni kanuni moja inayosemwa mapema na kushikiliwa: jina husomwa kuanzia nyuma linapogeuzwa kuwa fomula.

4.0 Idadi na upatanisho

Suala la idadi ndilo linaloonesha wazi kwamba kutafsiri sehemu za jina hakutoshi. Tuseme mtunga istilahi anataka kukiepuka kiambishi cha Kigiriki di- na kutumia namba ya Kiswahili. Atapata oksidi mbili za kaboni. Kirai hiki ni sahihi kisarufi, lakini hakimaanishi CO₂. Kinamaanisha kwamba kaboni ina oksidi mbili, na msomaji makini atafikiri juu ya CO na CO₂ kwa pamoja. Namba ya Kiswahili huhesabu nomino inayoifuata, na hapa nomino hiyo ni jina la dutu, si la atomi. Kwa hiyo viambishi mono-, di-, tri- na tetra- havikopwi kwa sababu ya umaskini wa Kiswahili. Vinakopwa kwa sababu hesabu ya atomi ndani ya molekuli inapaswa kufanyika ndani ya neno, nje ya mamlaka ya upatanisho wa ngeli.

Upatanisho huohuo una faida ambayo wahakiki hawajaitilia maanani. Nomino kama kloridi na oksidi huingia katika ngeli ya I-ZI, ambamo umoja na wingi havionekani kwenye nomino yenyewe. Vinaonekana kwenye a-unganifu. Kloridi ya chuma ni dutu moja. Kloridi za chuma ni kundi, lenye FeCl₂ na FeCl₃. Tofauti hiyo, inayobebwa na silabi moja tu, hupotea kabisa katika chuma kloridi. Hapa sarufi ya Kiswahili inatoa msaada ambao muundo wa mwambatano unaukataa.

Kloridi hizo mbili za chuma zinahitaji kutofautishwa pia kwa majina. Utaratibu uliopendekezwa na mwanakemia Mjerumani Alfred Stock mwaka 1919 huweka tarakimu ya Kirumi baada ya jina la metali: kloridi ya chuma(II), kloridi ya chuma(III). Tarakimu hiyo haihesabu atomi. Huonesha hali ya oksidisho ya metali. Katika Fe₂O₃, ambayo ni oksidi ya chuma(III), atomi za chuma ni mbili na za oksijeni ni tatu, lakini tatu iliyomo katika jina ni ya chaji. Wanafunzi wengi hujikwaa hapa katika lugha yoyote. Kiswahili, hata hivyo, kina namna ya kuwaonya. Jina likisomwa kwa sauti, oksidi ya chuma tatu, namba inakosa upatanisho wa ngeli. Kama ingekuwa inahesabu, ingelazimu kusema vyuma vitatu. Ukosefu huo wa upatanisho unaashiria kwamba tatu ni lebo, kama namba ya chumba au ya basi. Mwalimu anayelijua hilo ana maelezo yaliyo tayari ndani ya lugha ya darasa.

Lipo pia kundi ambalo jina halitaji idadi kabisa. CaCl₂ ni kloridi ya kalsiamu, si dikloridi, kwa kuwa ioni ya kalsiamu ina chaji ya aina moja inayojulikana, na idadi ya ioni za kloridi hupatikana kwa kusawazisha chaji. Kwa hiyo mfumo una njia tatu za kushughulikia idadi: kuitaja kwa kiambishi, kuionesha kwa tarakimu ya Kirumi kupitia hali ya oksidisho, na kuiacha ikokotolewe. Orodha ya vidahizo haiwezi kumwonesha mtumiaji ni lini atumie njia ipi. Kamusi ya kemia isiyo na sura ya sarufi ya majina inamwacha nusu ya njia.

5.0 Viishio vitatu

Mfumo wa majina ya kampaundi nyingi za kawaida hutegemea viishio vitatu. Katika Kiswahili viishio hivyo hutoholewa ama kwa kufuata matamshi ya Kiingereza, ama kwa kufuata maandishi. Njia ya kwanza hutoa salfaidi, salfaiti na salfeti. Ya pili hutoa salfidi, salfiti na salfati. Kila njia ina watetezi wake. Kosa kubwa ni kuzichanganya, na mchanganyiko ndio unaotawala: mwandishi mmoja huandika kloridi kwa kufuata maandishi, salfeti kwa kufuata sikio, kisha akakosa kanuni ya kumwongoza anapofikia kiishio cha tatu.

Fonolojia inaweza kusaidia kuamua. Kiswahili kina irabu tano, na katika mfumo huo /i/ na /e/ ni jirani, ilhali /i/ na /a/ zimetengana kwa umbali mkubwa. Jozi ya nitriti na nitrati inatofautishwa na irabu zilizo mbalimbali. Jozi ya nitriti na nitreti inategemea irabu jirani, hivyo ni rahisi kusikika vibaya darasani lenye wanafunzi wengi. Kati ya -idi na -iti tofauti ni ya /d/ na /t/ tu, nayo haiwezi kuepukwa katika njia yoyote kati ya hizo mbili. Walau tofauti inayoweza kupanuliwa ipanuliwe. Kwa msingi huo, -idi, -iti na -ati ndizo seti bora.

Uzito wa konsonanti na irabu hizo si wa kinadharia. NaCl, kloridi ya sodiamu, ni chumvi ya mezani. NaClO, hipokloriti ya sodiamu, ndiyo dawa inayotiwa katika maji ya kung'arisha nguo. NaClO₃, klorati ya sodiamu, imetumika kuua magugu. Dutu hizo tatu hazipaswi kukaribiana katika kabati, na majina yake hayapaswi kuandikwa kwa kubahatisha.

Mkulima naye yumo katika mjadala huu, ingawa hajaalikwa. Mbolea ya SA, ambayo fomula yake ni (NH₄)₂SO₄, ina nitrojeni kiasi cha asilimia 21. Urea ina asilimia 46. Kwenye mifuko na katika mazungumzo, vifupisho SA, CAN na DAP vimechukua nafasi ya majina. Kifupisho ni chepesi, lakini hakimwambii mkulima kwamba SA humpa salfa pia, jambo ambalo jina salfati ya amonia lingemdokezea kama kiishio kile kingefundishwa mahali fulani kabla.

6.0 Majina ya mazoea: chokaa na hewa ukaa

Kiswahili kina majina ya kale ya dutu: magadi, chokaa, shabu, mrututu, kiberiti. Ipo hoja kwamba maneno haya yafufuliwe ili kupunguza mikopo. Hoja hiyo ni sahihi kwa sehemu, na mipaka yake inaonekana vizuri katika neno chokaa. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, chokaa ya ujenzi imetengenezwa kwa kuchoma matumbawe. Matumbawe ni kabonati ya kalsiamu, CaCO₃. Yakichomwa hutoa CO₂ na kubaki oksidi ya kalsiamu, CaO. Ikitiwa maji huwa hidroksidi ya kalsiamu, Ca(OH)₂. Ukutani huchukua tena CO₂ kutoka hewani na kurudi kuwa CaCO₃. Fundi husema chokaa kuanzia tanuuni hadi ukutani, na kwa kazi yake hajakosea, kwa kuwa anataja kitu anachokishika. Mwanakemia anahitaji majina matatu kwa sababu anafuatilia mabadiliko. Chokaa basi haishindani na oksidi ya kalsiamu. Maneno hayo mawili hujibu maswali tofauti.

Madhara huja pale jina la mazoea linapopewa kazi ya jina la kimfumo. Hewa ukaa ndiyo mfano ulio hai zaidi. Neno ukaa linahusiana na kaa na makaa, na katika mijadala ya tabianchi hewa ukaa imekuwa jina la CO₂. Kwa kigezo cha uwazi istilahi hii hupata alama za juu: ni fupi, ni ya Kiswahili, na inaeleweka. Lakini makaa hutoa gesi mbili. Yanapoungua penye oksijeni ya kutosha hutoa zaidi dioksidi ya kaboni, ambayo binadamu huitoa kila anapopumua na mimea huitumia. Yanapoungua penye oksijeni haba, kama katika chumba kilichofungwa usiku wa baridi, hutoa pia monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hujishikiza kwenye hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200.

Kiswahili kinachosema hewa ukaa kwa gesi zote mbili hakimpi mtu njia ya kutenganisha ile anayoitoa kifuani kwake na ile inayoweza kumuua pamoja na familia yake kando ya jiko la mkaa. Anayesikia kwamba hewa ukaa hunyonywa na miti hana sababu ya kuihofia ndani ya nyumba. Hapa iktisadi na uwazi vimeshinda usahihi, na ushindi huo una gharama. Dioksidi ya kaboni na monoksidi ya kaboni ni majina marefu, lakini silabi zake za mwanzo ndizo zinazobeba tofauti ya uhai na kifo. Hewa ukaa inaweza kubaki katika lugha ya kawaida kwa maana ya CO₂ pekee, mradi monoksidi isiachwe bila jina lake.

7.0 Alama ya elementi na herufi ya Kiswahili

Fomula haibadiliki kwa kubadili lugha. Alama za elementi, zilizoasisiwa na Berzelius kati ya 1813 na 1814 kwa kutumia herufi za majina ya Kilatini, ni mali ya wote. Zinapokutana na tahajia ya Kiswahili, huzua mtego mmoja. Kiswahili hakitumii C pekee, hutumia K. Hivyo kaboni, kalsiamu, klorini, kobalti na kromi zote huanza kwa K katika jina na kwa C katika alama, ilhali alama K yenyewe ni ya potasiamu, ambayo haina K mwanzoni. Mwanafunzi anayekisia herufi ya kwanza atakosea mara tano, na kosa la sita litakuwa la potasiamu.

Wajerumani pia huandika elementi kadhaa za C kwa K, lakini wamelipunguza tatizo kwa kuziita potasiamu na sodiamu kwa majina ya Kilatini, kalium na natrium, yanayolingana na K na Na. Jina la kwanza lina asili ya neno la Kiarabu lililotupa pia alkali. Kuyarejesha majina hayo katika Kiswahili kungekuwa na mantiki, lakini sodiamu na potasiamu zimekwishazoeleka, na ukubalifu nao ni kigezo. Inatosha kwamba vitabu vya kiada vikabili mgongano huo waziwazi katika ukurasa uleule ambamo alama zinafundishwa.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba udhaifu wa majina ya kampaundi katika Kiswahili hautokani na uhaba wa maneno. Maneno yapo, na mengi yamekidhi vigezo. Kinachokosekana ni maelezo ya sarufi inayoyaunganisha. Sarufi hiyo inaweza kuelezwa kwa kanuni chache: kiini kitangulie na kiunganishwe na kijalizo kwa a-unganifu, idadi ya atomi ikae ndani ya neno kwa viambishi vya kimataifa, hali ya oksidisho ioneshwe kwa tarakimu ya Kirumi isiyopatanishwa na ngeli, viishio viwe -idi, -iti na -ati bila kuchanganywa na utohozi wa sikio, na majina ya mazoea yabaki na kazi yake bila kubebeshwa ya fomula.

Asidi na kampaundi za kikaboni zina masuala yake yanayohitaji uchunguzi wa pekee. Kwa kampaundi zilizojadiliwa hapa, vyombo vya usanifishaji havihitaji kuanza upya. Vinahitaji kuziweka kanuni hizo mwanzoni mwa kamusi, kabla ya kidahizo cha kwanza, kisha kuvipitia vidahizo vyote kwa kuzifuata.